Jinsi ya kujua mtu akisema "ubaguzi" anamaanisha nini (kabla hamjagombana)

Hapa Dodoma saa hizi kaa popote penye watu watano, ofisi za Mtumba, saluni Area C, foleni ya maji Nkuhungu, haipiti nusu saa utasikia mtu kabaguliwa. Mmoja kabaguliwa kweli, kanyimwa chumba na hela anayo mkononi, kisa dini yake. Mwingine wenzake walienda kula chipsi hawakumwita. Neno wametumia hilohilo moja, sura wamekunja vilevile, na usipokuwa makini unamwonea huruma wa chipsi unamwacha wa chumba.

Mji wenyewe umechangia. Tangu serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahamia kweli, watu wamekuja kutoka kila kona, Mgogo mwenyeji wa Chang'ombe kapakana ukuta na mtumishi aliyezaliwa Dar, mwanafunzi wa UDOM aliyetoka Kigoma kapanga kwa mama wa Kondoa, na kila mmoja maneno yake kayabeba toka kwao na uzito wake wa huko huko. Mi huwa naitwa kwenye vikao vya kusuluhisha majirani mtaani, sio mwanasheria, kazi yangu kubwa ni kusikiliza tu, na kelele nyingi ninazozikuta chanzo chake ni neno ambalo watu wawili wamelielewa tofauti, tendo lenyewe hata halijatajwa bado. Kwa hiyo hapa naandika namna ya kulishika neno la aina hiyo likitupwa katikati yenu, iwe we ndo umelitupa au we ndo umetupiwa.

Omba kitenzi kwanza

Angalia haya: ubaguzi, ukabila, udini, ukanda, unyanyapaa. Yote yanaanza na u-, na ndani yake hamna mtu. Mtu anaweza kusema "pale ofisini kuna ukabila sana" akamaliza, kila aliyesikia akatikisa kichwa, na hamna hata mmoja anayejua nani kamfanyia nani nini. Ndo maana maneno haya yananyumbuka kirahisi hivyo, hayana mwenyewe wa kumbana.

Dawa yake ni ndogo: mwombe mtu aliseme kwa kitenzi. Kiswahili kimetusaidia sana hapa kwa sababu kitenzi chetu hakikubali kukaa bila watu. Ukisema "kaninyima" tayari tunajua kuna yeye na kuna mimi, tutauliza kakunyima nini. Kwa hiyo usimwambie mtu "thibitisha", hapo atakasirika na haki yake, muulize tu kwa upole "alikufanyaje dada yangu?" au "ilikuwaje mzee wangu, hebu tueleze". Utashangaa vitu vinavyotoka. Kaninyima. Kanipita kwenye zamu. Kanitukania kabila. Kanicheka lafudhi. Hakuniitikia salamu. Kanikata jicho. Vyote hivi dakika moja iliyopita vilikuwa "ubaguzi", sasa vimesambaa mezani, na kila kimoja kina ukubwa wake na dawa yake.

Kuna kikao kimoja dada mpangaji alikuja moto kabisa, mama mwenye nyumba ana ubaguzi, anawapendelea wapangaji wa kwao. Alikufanyaje? Ananitoza umeme mara mbili. Tukauliza vizuri ikaonekana wale wengine wana taa na simu, yeye ana friji na pasi na hita ya kuogea, na LUKU ni moja nyumba nzima. Hilo ni gomvi la hela, lina suluhisho lake, kila mtu aweke submita yake. Ila siku hiyohiyo kuna kijana alikuwa amekaa pembeni anasubiri jambo lingine, akachangia kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye chumba pale mama alimwambia "mwanangu we ni mtoto mzuri ila hapa napendelea watu wa imani yetu", akaondoka zake hata hakukasirika. Huyu neno ubaguzi hakulitamka. Na yeye ndo kanyimwa kitu.

Kwa hiyo kitenzi kina kazi mbili, kinampunguza aliyezidisha, afu kinamfichua aliyenyamaza. Hii ya pili watu wengi wanaisahau, wanadhani kuuliza "alikufanyaje" ni kumkatalia mtu. Sio.

Jua neno liko kwenye mdomo wa nani

Kubagua lenyewe halikuzaliwa na ubaya. Ni kutenganisha, hiki huku na hiki kule. Mpaka leo mama akimsifia mkwe wake anasema "habagui chakula yule, mlenda anakula, chochote anakula", fundi anakwambia "mi sibagui kazi". Ukilitoa kwenye kitenzi ukaliweka kwenye nomino ndo linachemka. Sasa mtu aliyekulia na maana ya kwanza unaweza kumwambia "umebagua" akakujibu ndiyo nimebagua, nyumba yangu, kuna ubaya gani, na hakutukani, anajibu swali alilosikia yeye.

Sheria nayo ina saizi yake. Katiba yetu ya 1977 haikuliacha neno lielee, ibara ya 13(5) inaeleza kabisa kubagua maana yake nini, na ukiisoma utaona inataka mambo mawili yakae pamoja: kwanza sababu, yani utaifa, kabila, mtu alikotoka, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia au hali yake ya maisha, pili matokeo, kwamba watu wa aina fulani wanafanywa duni na kuwekewa vikwazo wakati wengine wanapewa fursa au faida. Chuki ya moyoni peke yake haimo. Kukatwa jicho hakumo. Afu ibara hiyohiyo inaendelea kusema serikali haizuiwi kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo kwenye jamii, kwa hiyo yule jamaa anayesimama pale karibu na Bunge anasema viti maalumu vya wanawake ni ubaguzi kwa wanaume, kwa maana ya mtaani anaweza kubisha mpaka jioni, kwa maana ya katiba kabisha na ukuta.

Sisemi maana ya katiba ndo ya kweli na ya mtaani ni ya uongo. Mtu akikatwa jicho kila asubuhi mwaka mzima kwa sababu ni Mmang'ati anaumia hasa. Ninachosema, mkianza kubishana ulizaneni kwanza, unaongelea lipi, la moyoni, la kitendo, au la utaratibu? Mtu anasema "kampuni ile ni ya kibaguzi" akimaanisha tangazo lao la kazi linawaengua watu, mwingine anamjibu "bosi wao namjua ni mtu mwema sana", na wote wawili wako sahihi na hawataelewana milele.

Maneno yaliyochoka

Unyanyapaa ndo mfano mzuri kuliko yote. Wengi wetu tulilijua kupitia UKIMWI, kwenye redio, zahanati, semina, mabango, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 ikakataza kabisa kumnyanyapaa mtu anayeishi na virusi. Lilikuwa neno zito, mtu ametengewa kikombe, ametolewa kwenye chumba cha ndugu zake. Leo nenda kwenye vijiwe vya chuo, mtu hajajibiwa meseji tu, "mbona unaninyanyapaa". Anatania, najua, na mi huwa nacheka. Tatizo linakuja pale mtu anayetengewa kikombe mpaka leo anapolihitaji neno lake akakuta lina kicheko ndani. Ukiwa kwenye kikao cha maana usilitumie kwa mambo madogo, na ukilisikia toka kwa mtu asiyecheka, acha kucheka.

Kaburu nalo hivyohivyo. Wazee wa Kongwa wanalijua vizuri maana pale ndo kulikuwa na kambi ya wapigania uhuru kuanzia 1964, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine, kaburu alikuwa ni mtu halisi wa Afrika Kusini na serikali yake halisi iliyopanga watu kwa rangi kisheria. Sasa hivi kaburu ni msimamizi yeyote anayekata posho. Huwezi kulirudisha neno lilikotoka kwa kumkaripia kijana, lishahama, ila ukiongea na mzee wa kule usimwite meneja wako kaburu afu utegemee akuelewe haraka.

Na kuna maneno yaliyochoka mpaka yakafa kabisa, makali yakaisha. Hapa mjini tuna Uzunguni na Uhindini. Wakoloni walipanga miji kwa rangi, Mzungu upande wake, Mhindi upande wake wa maduka, Mwafrika huko kwingine. Leo unamwambia bodaboda "nipeleke Uhindini" na wala humfikirii mtu yeyote, ni anuani. Sijui kwa nini kuna watu wanataka kuanzisha ugomvi hapo, mi naona pa kupigania ni kwingine.

Kabila likigeuka kazi, au tusi, au sifa

Hapa ndo penye utamu na ndo penye hatari, kwa hiyo tukae kidogo.

Mangi kilikuwa cheo cha watawala wa Wachaga. Leo ni mwenye duka la rejareja, yani mtoto anatumwa "nenda kwa Mangi ukalete chumvi" na Mangi mwenyewe ni Mnyaturu wa Singida na anaitika freshi tu. Machinga: Wamachinga ni kabila la watu wa Lindi, wala sio wengi, leo ni mfanyabiashara mdogo yeyote wa barabarani na hapa Dodoma tuna mpaka soko la Machinga lenye jina kwenye ramani. Masai kwenye mageti mengi ni mlinzi, hata kama ni Mgogo kavaa lubega. Mnyamwezi, eti, kwa vijana ni Mmarekani au mtu mwenye swaga, hilo limepanda cheo kabisa. Na wengine hawakupewa bahati hiyo, Mpare kawa bahili, Msukuma kawa mshamba, Mgogo kawa ombaomba.

Jinsi ya kupima: neno la kabila likigeuka kazi, angalia kama linamfunga mwenye kabila lake. Mangi halimfungi mtu, Mchaga anaweza kuwa daktari na hakuna anayeshangaa. Ila "Masai" kama mlinzi linamfunga kidogo, kijana wa Kimasai msomi kavaa suti anaingia ofisini anaambiwa "lindo zamu yako usiku eh". Na "Mgogo ombaomba" linamfunga zaidi, kwa sababu likishasemwa kwenye usaili wa kazi hata kwa utani, mtu anaondoka na picha. Anayechekea hilo aijue pia historia ya huku, kuna njaa kubwa wazee wa Kigogo wanaiita Mtunya, kama 1917 mpaka 1920, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipita yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, afu ukame ukaja juu yake, watu wakafa kwa maelfu na wengine wakatawanyika kutafuta chakula.

Halafu kuna majina ambayo watu hawajajipa wenyewe. Wadatoga tunawaita Wamang'ati, tena kwa nia njema kabisa tunasalimiana nao mnadani, na hilo ni neno la Kimasai la maadui. Nimesikia wengine wakijiita hivyohivyo wenyewe wakiongea na sisi, wamezoea. Ushauri wangu ni mrahisi, mwulize mtu "nyie mnajiitaje?" na alichokwambia ndo utumie, hata kama jirani yake ana jibu lingine.

Ulemavu nao una maneno yake yanayokimbizana. Zeruzeru limeachwa, na ni vizuri likaachwa ukijua mauaji yaliyotokea nchi hii, sasa tunasema mtu mwenye ualbino. Kiziwi, kipofu, kiwete yamekaa kwenye ngeli ya ki- pamoja na vitu, ndo maana wengi wanapendelea mtu asiyeona, mwenye ulemavu wa kusikia. Lakini mtaa hauchelewi, "mahitaji maalumu" ni lugha nzuri ya shule na tayari nimesikia watoto wanataniana nayo, "we si wa mahitaji maalumu wewe". Kwa hiyo kubadilisha neno kunasaidia ila ukae ukijua neno jipya nalo litafuatwa.

Utani: ipo mipaka

"Tunataniana tu" ni mlango ambao kila mtu anajaribu kutokea. Utani wa makabila upo kweli na una heshima zake, Wachaga na Wapare, Wazaramo na Wanyamwezi, na Wagogo na Wahehe huku kwetu, Mhehe anaambiwa anakula mbwa na anarudisha kali zaidi, msibani mtani anaweza kulala kwenye jeneza au kuficha sufuria mpaka apewe chochote na hamna wa kumfukuza.

Sasa ukitaka kujua kama uliyosikia ni utani, jiulize aliyetaniwa anaweza kujibu papo hapo bila kupoteza kitu? Mhehe na Mgogo msibani, ndiyo. Meneja na mhudumu wa usafi, hapana, hata kama meneja ni mtani wake wa damu, kwa sababu yule dada anawaza mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Jiulize pia baada ya kicheko kuna kitu kimenyimwa? Umemtania mtu kwamba Wahaya wana maringo, sawa, afu hukumpa ile safari ya semina. Hapo utani umeisha zamani. Na utani una mwenzake, mtani hajiteui, mtu akikwambia "mimi na kabila lenu ni watani" na kwenu hamjawahi kusikia, anajitafutia leseni.

Beijing, uzawa, wakuja: likigeuzwa likurudie

Kuna mchezo wa neno kuzaliwa kwa kutetea watu afu likatumika kuwapiga haohao. Mkutano wa wanawake wa dunia wa Beijing ulikuwa 1995, katibu mkuu wake alikuwa mama yetu Gertrude Mongella, heshima kubwa. Haikuchukua muda Beijing ikawa neno la daladala. Mwanamke akisimama na mtoto mgongoni anaambiwa "si mlienda Beijing, haki sawa, simama". Neno ni la usawa ila kazi linayofanya ni kumnyima mtu kiti. Ukikutana na hili usiingie kwenye mjadala wa haki sawa ni nini, utatoka umechoka. Jibu kitendo: "kaka, ana mtoto, msogezee nafasi." Basi.

Uzawa limepita njia ndefu zaidi. Miaka ya 1990 uchumi ulipofunguliwa kulikuwa na mabishano makali, mmoja anasema uzawa ni kumpa Mtanzania mweusi nafasi aliyonyimwa tangu ukoloni, mwingine anasema huo ni ubaguzi kwa raia wenye asili ya Asia, Nyerere akiwa hai anawaonya watu kwamba kubagua ni sawa na kula nyama ya mtu, ukishaonja huachi. Leo mzawa liko kwenye mpira, kocha mzawa, mchezaji mzawa, na wala halimkeri mtu. Hapa Dodoma limezaa ndugu yake, mwenyeji na mtu wa kuja. Mwenyeji wa Ihumwa aliyeuza shamba kwa bei ya chee kabla ya mji kufika akisema "wakuja wametumaliza" ana hesabu ya viwanja kichwani, CDA, ile mamlaka iliyokuwa inapanga mji na kugawa viwanja, ilivunjwa 2017 ila mashamba hayajarudi. Mtumishi aliyefika juzi anasikia "rudi kwenu". Kabla hujamwita mwenyeji huyo mkabila mwulize kiwanja kilikuwa wapi. Na kabla hujasema wakuja wote, mwangalie huyu dada wa mapokezi, kapanga chumba kimoja Kizota, shamba lako kalichukua lini?

Afu sensa. Baada ya ile ya 1967 sensa zetu haziulizi kabila, ya 2022 pia haikuuliza, ila dalali wa vyumba swali lake la kwanza ni "we mtu wa wapi?" Swali hili linaweza kuwa ni ukarimu tu, anatafuta kama mna ndugu wa kufahamiana. Utajua ni lipi kwa kinachofuata. Likifuatwa na "aah, kumbe shemeji yangu", karibu. Likifuatwa na chumba kilichokuwepo asubuhi kuwa kimepata mtu ghafla, umeshapata jibu.

Ukiitwa wewe

Ukiambiwa "we mbaguzi" jibu la haraka linalokuja mdomoni ni "mimi? rafiki zangu wote ni..." Liache. Hujaulizwa marafiki. Uliza swali lilelile la juu, "nimekufanyaje?", na uulize kwa sauti ya kutaka kujua, maana swali hilohilo ukilipiga kwa ukali ni matusi. Ukiambiwa kitendo na ni kweli, rekebisha kitendo, mpe zamu yake, mwite jina lake, tafuta ufunguo wa chumba. Kama sio kweli, sema kilichokuwa: nilitoa chumba kwa aliyelipa jana, risiti hii hapa. Huna haja ya kushinda kesi ya moyo wako ukoje, hakuna mtu anayeweza kuiona.

Ukitaka kulifikisha mbele

Kazini ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi na orodha yake ni ndefu kuliko ya katiba, imeweka ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU, umri. Imeacha pia nafasi kwa sifa ambazo kazi yenyewe inazihitaji, kwa hiyo dereva kukataliwa kwa sababu hana leseni haingii humo hata kama alikataliwa na mtu wa kabila lingine. Mgogoro wa kazi unaenda CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku zinahesabiwa, usikae miezi unalalamika kantini. Mambo ya ofisi za umma na haki kwa ujumla ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ya majirani anzia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kwenye barua, neno kubwa liweke kwenye kichwa cha habari tu, chini andika vitenzi. Tarehe fulani niliomba hiki, fulani akaniambia hivi, nikanyimwa, siku mbili baadaye akapewa mtu mwingine mwenye sifa zilezile au pungufu. Nani alikuwepo. Maneno aliyotamka yaandike kama yalivyotoka, usiyapambe wala usiyaongezee ukali, na kama yalisemwa kwa Kigogo au Kirangi yaache kwa lugha hiyohiyo, tafsiri iweke mstari wa chini, maana ukipeleka tafsiri peke yake kikao kizima kitaisha mnabishania tafsiri na chumba chako kinaendelea kukaliwa.